Mwaka Mama Mukubwa Aliojifunza Kusoma

Nyumbani kwetu Kadutu, mtaa wa mlimani wa Bukavu, nilikuwa na sifa moja: nikifungua daftari, sisikii. Papa alijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia mtoto mwenye mbio. Wageni wakija, alininyooshea kidole pale kwenye meza ya pembeni nilipoinamia hesabu zangu, kisha akaniita mara mbili, tatu, kwa sauti yake ya kawaida. Siitiki. Wageni wanacheka.

"Munaona?" anawaambia. "Huyu, hata upepo ibebe mabati yote, ataendelea kuandika."

Papa alikuwa karani wa ofisi moja ya serikali, mtu wa abakosti, lile koti lisilohitaji tai, iliyonyooshwa kwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Aliamini mtu huendelea maishani kwa kukazia macho kitu kimoja mpaka kiishe, ndipo aende kwa kingine. Ndiye aliyenipa rula ya mbao niiweke chini ya mstari ninaousoma, macho yasiruke. Nilimtii, nikawa wa kwanza darasani, na sikuona kasoro yoyote katika maisha hayo. Nilikuwa na miaka kumi na minne mdogo wangu wa mwisho alipozaliwa.

Maman alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Likizo yake ya uzazi ilipokwisha, akatuma ujumbe kijijini Nyangezi kwa dada yake mkubwa, mjane asiye na mtoto, aje akae nasi. Alifika Jumamosi moja juu ya lori la mihogo, na kikapu kimoja na mwavuli mweusi. Sisi watoto tulimwita mama mukubwa. Papa na maman walimwita yaya, yaani dada mkubwa.

Siku za kwanza nilimdhania mvivu. Alikaa uani juu ya kigoda, mtoto mgongoni, mikono ikichambua maharagi, na macho yake hayakuwa popote. Hayakuwa kwenye maharagi, wala kwenye mbabula ya makaa yenye sufuria, wala kwenye kipande cha ziwa kilichoonekana katikati ya paa za majirani. Mara moja nilipita mbele yake nikadhani amelala macho wazi. Kisha akasema, bila kugeuka:

"Mwambie jirani atoe nguo ku kamba. Mvua iko inatoka Kabare."

Nilitazama juu. Jua lilikuwa kali. Kwa heshima tu nikaenda kumwambia jirani, naye kwa heshima tu akaanua nguo zake. Kabla sijamaliza zoezi nililoliacha mezani, mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba hata mimi niliisikia.

Siku nyingine papa alirudi kazini, na mama mukubwa akaninong'oneza: "Leo papa yako musimuulize kitu."

"Kwa nini?"

"Ameweka viatu polepole."

Na kweli, papa huvua viatu kwa kuvirusha, kimoja huku kingine kule. Jioni ile ndipo alipotuambia kwamba mwenzake wa meza moja ofisini amefiwa na mke. Wiki iliyofuata mama mukubwa akasema kwamba mama wa nyumba ya kijani ni mgonjwa. Alikuwa hajamwona. "Sombe yao inatwangwa na mutu mwingine," alisema. "Huyu anapiga na hasira." Maman alikwenda kuchungulia akamkuta yule mama kitandani na malaria, binti yake akitwanga majani ya muhogo kwa hasira ya kukosa kwenda kutembea.

Nilimwuliza siku moja, kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa kutaka kanuni: "Mama mukubwa, unaangaliaka wapi?"

"Siangaliake mahali. Ninaachaka macho ikae."

"Na masikio?"

"Masikio haina mulango, mwanangu." Akacheka. "Nilipokuwa mutoto nilichungaka mbuzi kumi na mbili. Ukiangalia moja sana, zingine zote zinaingia mu maharagi ya watu. Fimbo nilichapwa ndiyo ilinifundisha."

Nilijaribu. Nilikaa karibu naye nikaacha macho yakae. Baada ya dakika moja nikajikuta nahesabu maharagi yaliyooza.

Ndiyo maana nilishangaa sana alasiri ile alipokuja kwenye meza yangu. Mtoto alikuwa amelala. Sijui alisimama hapo muda gani; nilitambua yupo pale alipoweka kiganja juu ya ukurasa wangu.

"Nifundishe kusoma," akasema.

Kabla sijauliza, akatoa ndani ya kitenge chake karatasi iliyokunjwa mara nyingi, laini kama kitambaa. Ilikuwa barua ya mume wake. Huyo nilikuwa nimemsikia tu katika maneno ya wakubwa: alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Mwenga, na shimo likamwangukia. Barua ilifika kabla ya habari ya kifo, imebebwa na mtu aliyepita. Mama mukubwa akaipeleka kwa jirani mmoja wa kule Nyangezi aliyejua kusoma. Jirani alikuwa anakwenda shambani, jembe begani. Akaisoma amesimama: *Niko muzima. Ile mbuzi usiuzishe. Nitarudi mbele ya Pasaka.*

"Basi?" mama mukubwa alimwuliza.

"Basi. Nyingine ni maneno tu."

Alinionyesha barua ile. Ilikuwa kurasa mbili, zimejaa pande zote mpaka pembeni. "Aliniandikia murefu," akasema, "ule mutu akasoma mufupi. Ni miaka saba sasa. Sitaki kinywa ya mutu mwingine tena. Hata yako, usikasirike. Nifundishe nisome mimi mwenyewe."

Tulianza kesho yake na kitabu cha darasa la kwanza ambacho maman alikileta kutoka shuleni. Nilikuwa mwalimu mkali. Nilimpa rula yangu, nikamwambia maneno yale yale niliyoambiwa na papa: macho ku mustari, usisikie kitu. Alikuwa na miaka zaidi ya arobaini na vidole vyake vilikuwa vizito, lakini alishika upesi kuliko nilivyotarajia. Baada ya miezi mitatu aliunganisha silabi. Alikuwa akivuta kigoda chake hadi mezani, akainama mpaka kilemba kikanigusa shavu, na mdomo wake ukatembea bila sauti.

Maharagi yakaungua mara ya kwanza. Tulicheka. Yakaungua mara ya pili, na papa akala bugali na chumvi. Mvua ikakuta nguo zetu kwenye kamba, na jirani, ambaye siku hizo alikuwa amezoea kumngojea mama mukubwa kama watu wanavyongoja kengele, naye nguo zake zikalowa. Alikuja kusimama mlangoni na beseni la nguo zinazochuruzika. "Maman, leo haukutuambia?" Mama mukubwa akanyanyua kichwa kutoka kwenye kitabu kama mtu aliyeamshwa.

Mdogo wangu alikuwa ameanza kutembea. Siku yenyewe tulikuwa tumekwama kwenye *ng'ombe* na *ngoma*. Mama mukubwa hakuelewa kwa nini kijikoma kile kidogo cha juu kiwe na nguvu ya kubadilisha sauti, nami nilikuwa naandika mifano, na vichwa vyetu viwili vilikuwa juu ya karatasi moja. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Sijui ulikuwa wazi tangu saa ngapi.

Maman aliingia na mtoto kiunoni. Mtoto alikuwa na tope mpaka magotini, ametulia, anakula kipande cha parachichi. Mwanamke anayeuza maparachichi chini kule, pale malori ya makaa yanapogeuzia, ndiye aliyemdaka kwa shati akiwa tayari ameingiza mguu barabarani.

Maman hakupiga kelele. Hiyo ndiyo iliyotutisha.

"Nyinyi wawili mulikuwa wapi?"

"Hapa," nikasema.

"Hapa wapi?"

Akamgeukia dada yake. "Yaya, huyu binti simulaumu. Huyu iko vile. Lakini weye?"

Maneno hayo yalimwangukia mama mukubwa, lakini mimi ndiye niliyeyabeba miaka yote hii. *Huyu iko vile.* Nilikuwa nimeishi nikidhani kutosikia kwangu ni fahari ya nyumba. Alasiri ile nikaelewa kwamba maman alikuwa ameshaacha kunitegemea zamani, taratibu, bila hasira, kama mtu anavyoacha kuegemea ukuta wenye ufa. Hakuna aliyewahi kuniambia "uangalie mtoto". Hakuna aliyewahi kuniambia "usikie sufuria". Na mimi sikuwa nimetambua hata kwamba siambiwi.

Mama mukubwa alikifunga kitabu akakiweka juu ya kabati. Akarudi uani, kigodani, na muda wa wiki tatu nguo hazikulowa wala maharagi hayakuungua. Barua aliirudisha ndani ya kitenge. Nilimfuata jioni moja akichagua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye sahani.

"Tumebakiza kidogo tu," nikamwambia. "Ungeshaisoma barua sasa."

Alichagua sambaza mbili tatu zaidi. "Pale mezani," akasema, "nilikuwa naenda mahali. Mbali sana. Sikusikia mutoto, sikusikia mvua, sikusikia hata njaa. Na nilikuwa na furaha, mwanangu. Ile furaha ndiyo inaniogopesha."

Mahali hapo nilipajua. Nilikaa huko utoto wangu wote.

Mpango ulikuwa wangu, na hata leo naona ni jambo jema zaidi nililowahi kufanya, kuliko digrii yoyote. Nikamwambia: "Kila siku nikitoka shule, weye usome saa moja. Mimi nitakaa uani na mutoto, bila kitabu. Mimi nitasikia."

Alinitazama kama anayepima kitambaa asichokiamini. "Weye?"

"Mimi."

Papa hakupenda, maana mtihani wangu wa mwisho wa mwaka ulikuwa karibu. Maman ndiye aliyesema, "Muache ajaribu." Kwa wiki ya kwanza alirudi nyumbani mapema kuliko kawaida yake, akijifanya ana kazi jikoni.

Saa ile ya kwanza ilinichosha kuliko mtihani wa jiometria. Nilimkodolea mtoto macho mpaka akaanza kulia. Kila nilipojaribu kusikia vyote, nilijikuta nimekamata kitu kimoja na kukifuata. Mama mukubwa alikuwa akinisahihisha kutoka ndani, bila kunyanyua kichwa: "Legeza shingo!" Sijui alijuaje kwamba nimeikaza. Siku ya nne au ya tano, sikumbuki vizuri, nilikuwa nimechoka, nikaegemeza mgongo ukutani, nikaacha tu. Na mji ukaingia.

Ndiyo saa ninayoitamani mpaka leo. Nyumba ya pili radio ilikuwa inapiga muziki wa Kinshasa, gitaa tupu, na fundi seremala wa bondeni alikuwa akipiga randa. Kwaya ya parokia ilikuwa inarudia mstari mmoja waliokuwa wanaukosea. Meli ililia bandarini. Upepo, ambao mchana hutoka ziwani, uligeuka na kuanza kutoka milimani, na nikausikia ukigeuka, kwa ngozi ya mkono. Nilikuwa nimeishi Bukavu miaka kumi na mitano bila kujua kwamba upepo wake hugeuka. Mtu alikuwa anakaanga sambaza. Mtoto alikuwa nyuma ya mgongo wangu, upande wa kulia, anacheza na kifuniko cha sufuria, nami nilijua yuko wapi bila kumtazama. Na ndani, kupitia dirishani, sauti ya mama mukubwa ikipanda silabi moja moja kama mtu anayepanda Kadutu na mzigo: *ba-ra-ba-ra. Ba-ra-ka. Ba-ri-di.*

Nilikuwa na papa ofisini, maman njiani anarudi, kaka zangu shuleni, na wote walikuwa hai. Sikujua kwamba hiyo ni mali. Nilijua tu kwamba sitaki saa iishe.

Tuliendelea hivyo mpaka masika. Siku moja, mtoto akiwa amelala mapajani mwangu, nikasikia kitu kimepungua. Ilinichukua muda kujua ni nini. Sauti ya dirishani ilikuwa imenyamaza. Kila kitu kingine kilikuwepo, randa, radio, kuku wa jirani, lakini yeye alikuwa kimya, na ule ukimya haukuwa wa mtu anayepumzika. Nikamlaza mtoto mkekani, nikaingia ndani.

Barua ilikuwa wazi mezani na kidole chake kilikuwa katikati ya ukurasa wa kwanza.

"Kaa," akasema. "Nitakusomea."

Alisoma polepole mno, akirudia maneno mengine mara tatu. Yale aliyosomewa na jirani yalikuwa mistari minne, mwanzoni kabisa: uzima, mbuzi, Pasaka. Kisha mume wake alikuwa ameandika hivi, au karibu na hivi, maana niliisikia mara nyingi baadaye na sijui tena kama kumbukumbu yangu haijaongeza kitu:

*Hapa asubuhi iko ukungu mpaka mutu haoni miguu yake. Mvua ya hapa inaanzaka ku majani makubwa ya pori, nasikia inakuja mbali, kisha inafika ku nyumba yetu ya mabati na hatusikilizane tena. Ngambo ya muto banamama banatwanga. Kuko moja anatwanga na kupumzika, anatwanga na kupumzika, sijamuona kwa macho. Kila asubuhi namungojea yeye aanze, ndipo naingia kazini. Nafikiri ni juu anatwanga vile weye unatwangaka. Udongo wa hapa uko mwekundu kushinda wa kwetu na unanuka kama chungu mupya. Nakuandikia hivi vyote kwa sababu siwezi kukuletea.*

Ukurasa wa pili ulikuwa hivyo hivyo mpaka chini. Ndege wa kule, mwenzake anayekoroma, chakula, jinsi taa inavyovuta wadudu. Hapakuwa na habari yoyote.

Alipofika mwisho alicheka, na kicheko kikageuka kilio. "Maneno tu," akasema. "Ule mutu aliniambia ni maneno tu." Akapiga meza kwa kiganja. "Miaka saba mume wangu iko ananiambia vile anakaa, mimi sisikie! Mimi, ninasikiaka kila kitu!"

Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo wala baada ya hapo. Nilimshika bega. Mtoto aliamka uani, mama mukubwa hakugeuka, nikaenda mimi.

Kuanzia hapo alisoma apendavyo, lakini daima kwa zamu, na daima aliuliza kwanza, "Nani anasikia?" Likawa neno la nyumba yetu. Hata papa, Jumamosi akirudi kutoka salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, na kufungua gazeti, alikuwa akiuliza, "Nani anasikia?" na mmoja wetu akajibu, "Ni mimi," na wengine wakaingia katika mambo yao wakiwa salama.

Mdogo wangu alipoanza shule, mama mukubwa akarudi Nyangezi kumwangalia bibi yetu, mama yake na maman. Mimi nikamaliza sekondari, nikapelekwa chuo kikuu Kisangani. Huko nilihitaji rula ya papa kuliko kitu kingine. Tulikuwa wengi, vitabu vichache, umeme wa kubahatisha, na aliyeweza kuziba masikio ndiye aliyefaulu. Nikarudia hali yangu ya zamani upesi. Sikutambua ninavyorudi. Hakuna aliyekuwa uani kunipigia kelele nilegeze shingo.

Mwaka wa pili nilianguka katika somo moja nikapewa mtihani wa marudio. Likizo ile nilikwenda Nyangezi siku mbili, na madaftari yangu begini. Mama mukubwa alikuwa amekonda. Bibi alikuwa ameshakufa. Alinipikia, akaniuliza habari za kila mtu wa Kadutu, hadi za jirani wa nguo. Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani. Tulingoja lori la kutoka Uvira tukiwa tumekaa juu ya majani, na aliongea. Aliongea kuhusu nini? Nilikuwa nimefungua daftari magotini. Nilikuwa naitikia "ndiyo, mama mukubwa", "kweli, mama mukubwa", huku nikikariri.

Lori lilifika. Dereva alinipa nafasi mbele. Nilipanda, nikapokea kikapu cha viazi alichonipitishia dirishani, nikasema asante, na kabla gari halijaondoka nilikuwa nimeshatafuta ukurasa wangu. Dereva ndiye aliyeniambia, tulipokaribia kona: "Maman yako angali anapunga mukono."

Niligeuka. Kulikuwa na vumbi tu.

Mtihani nilifaulu. Miezi miwili baadaye maman akanipigia simu ya posta. Mstari ulikuwa mbaya, akarudia mara mbili ndipo nikaelewa kwamba dada yake amezikwa wiki iliyopita. Ilikuwa kifua. Nilirudi Bukavu kwa likizo iliyofuata, na jioni moja maman alikuwa anakunja vitenge vya marehemu juu ya kitanda, vitano, kuvigawa kwa ndugu.

"Weye ndiye wa mwisho wetu kumuona akisimama," akaniambia. "Siku ile alivaa kitenge gani?"

Nilivitazama vitano vile, kimoja kimoja. Kulikuwa na cha njano chenye samaki, cha buluu, cha maua, viwili vya kahawia. Maman alingoja. Nilijaribu kumrudisha pale majanini, kando yangu, asubuhi nzima, na nilichokiona wazi wazi ni ukurasa wa daftari, mchoro wa upande wa kushoto, mstari niliokuwa nimeupigia wino mwekundu.

"Sikumbuki, maman," nikasema.

Hakunilaumu. Alichukua cha buluu, akakinusa, akakiweka upande wangu.